Buti za Kumfikia Wifi

Tangu Paskalia aolewe na Thabo, wakazaa, wakalea, na wote wawili wakaanza kuota mvi, hakuwahi kuingia nyumbani kwa wifi yake Puseletso. Si kwamba hawakupendana. Walipendana kuliko ndugu wengi wa tumbo moja. Tatizo lilikuwa njia. Puseletso aliishi juu kabisa katika milima ya Lesotho, mahali ambapo gari huishia kwenye duka moja lililojengwa kwa mawe, na kuanzia hapo mtu hupanda farasi. Thabo alilelewa huko na bibi yake kabla ya kukimbilia Tanzania na vijana wenzake wa harakati za ukombozi, kwa hiyo alipanda farasi kama watu wengine wanavyopanda ngazi. Paskalia alikuwa binti wa Morogoro. Kwao mzigo ulibebwa kichwani au kwa baiskeli, na farasi alimjua kwa kumwona kwenye kalenda.

Basi kila walipokwenda, Thabo alipanda na kupotea kilimani, naye Paskalia akabaki dukani na vifurushi. Puseletso ndiye aliyeshuka kumwona. Alifika na blanketi lake begani na kofia ya majani kichwani, akamfunga farasi, na wanawake wawili hao wakakaa nyuma ya duka kwenye jiwe lililopata jua, wakala vitumbua vya mwenye duka, wakacheka mpaka jioni. Kisha mmoja akapanda, mwingine akashuka.

Paskalia hakusahau wema wa mwanamke huyo. Walipohamia Johannesburg kutoka Tanzania, hakujua neno hata moja la Kisotho wala la Kizulu, na aliogopa hata kwenda spaza, kiduka cha mtaani, kununua mkate. Puseletso alishuka kutoka milimani akakaa nao Troyeville mwaka mzima. Alimfundisha lugha, alimfundisha kuwasha jiko la makaa ya mawe, na alimfundisha kujifunga blanketi bila kuonekana kama mgonjwa aliyetoroka hospitali.

Mwaka huu, baridi ilipokuwa inaanza, Puseletso alipiga simu. Alisema nyonga zake zimegoma, na daktari wa zahanati amemkataza kupanda farasi tena. Alilisema hilo kwa kucheka, akaongeza kwamba farasi wake amefurahi sana na ameshaanza kunenepa kama bibi harusi. Paskalia naye alicheka. Lakini alipokata simu alirudi kwenye cherehani yake, akakanyaga pedali kidogo, akasimamisha. Alikaa akiangalia nguo aliyokuwa akiishona kana kwamba hajui ni ya nani.

Jioni hiyo wakiwa mezani alisema, "Baba Happy, mwezi wa saba napanda mimi."

"Unapanda nini?"

"Farasi. Kama yeye hawezi kushuka, mimi nitapanda."

Thabo alicheka mpaka akavua miwani. Kiswahili chake alichojifunzia Morogoro kilikuwa bado kizuri, lakini akicheka sana kilichanganyika na Kisotho, na siku hiyo kilichanganyika kweli. Alipovaa miwani tena na kumwona mkewe hacheki, aliacha. Aliuliza kwa upole kama anajua kwamba farasi ni mrefu. Paskalia akamjibu kwamba naye Thabo ni mrefu na amemzoea.

Katika wateja wake wa kushona alikuwapo msusi mmoja Mkongo wa mtaa wa Bellevue, na mwanawe Glody alikuwa mwalimu wa kupanda farasi kwenye banda moja kusini mwa jiji. Paskalia alikwisha kusikia habari za Glody mara nyingi kuliko alivyotaka, maana mama yake hakuwa na hadithi nyingine. Sasa aliziulizia mwenyewe. Jumamosi iliyofuata Thabo alimpeleka kwa bakki, pikapu yake ya zamani.

Johannesburg wakati wa baridi ni kukavu. Mvua huaga mapema, nyasi hugeuka rangi ya mkate, na vumbi huingia mpaka kwenye sukari. Mtu akikwambia habari za matope mwezi wa sita utadhani anaota. Lakini ua wa banda lile ulikuwa na chemchemi ndogo karibu na lango. Usiku maji yake yaliganda. Jua likipanda yaliyeyuka, na kwato za farasi zikayakanda pamoja na udongo mwekundu, samadi na majani makavu, mpaka ua mzima ukawa kama beseni la unga wa maandazi. Kutoka lango hadi mazizini hapakuwa na njia nyingine.

Siku hiyo ya kwanza Paskalia alikuwa amevaa buti alizoazima kwa binti yake, Happyness. Zilikuwa buti nzuri za mjini, nyeusi, zenye zipu ubavuni na kisigino chembamba. Alipiga hatua chache kuelekea zizini, kisha mguu wa kulia ukatoka bila kiatu. Buti ilibaki imesimama peke yake kwenye matope kana kwamba mwenyewe ameyeyuka. Glody alimkimbilia, akampa bega, naye Paskalia akasimama kwa mguu mmoja kama korongo huku Thabo akijaribu kuing'oa buti. Alivuta kwa nguvu. Akapata sehemu ya juu tu. Soli ilibaki chini.

Paskalia ndiye aliyeanza kucheka, wengine wakafuata. Somo la siku hiyo likawa kumpiga burashi farasi, akiwa amevaa kandambili za mtu. Farasi mwenyewe alikuwa mzee wa rangi ya majivu aitwaye Dominee, yaani mchungaji wa kanisa kwa Kiafrikana. Alipewa jina hilo kwa upole wake na kwa tumbo lake. Paskalia alimgusa shingoni kwa kidole kimoja, kisha kwa kiganja, kisha akaegemeza shavu. Alishangaa kwamba mnyama mkubwa namna ile alikuwa na joto kama uji.

Happyness alipoelezwa habari za buti zake alijibu kwa Kiingereza, na kwa kirefu. Kiswahili alikisikia chote, ila hasira zake zilikuwa za Johannesburg. Alipomaliza kukasirika aliuliza kama mama yake anaweza kupigwa picha akiwa juu ya farasi.

Safari ya pili Paskalia alikuja amejiandaa. Alikuwa amenunua gambuti za mpira, zile za kijani wanazovaa wafanyakazi wa bustani, na alivuka matope akitembea kwa maringo kama mwenye shamba. Maji hayakuingia hata tone. Lakini Glody alipomwona alitikisa kichwa.

"Maman, na hizi apana," alisema. "Ukianguka, mguu itabakia ndani, na farasi atakukokota mpaka kwa jirani."

Alimwonyesha vikuku, zile pete za chuma zinazoning'inia pande mbili za tandiko, ambamo mpandaji hukanyaga. Akamwambia aingize mguu wake hapo akiwa amesimama chini. Soli ya gambuti ilikuwa pana na yenye meno makubwa. Iliingia kwa shida, na Glody alipomwambia autoe mguu haraka, haukutoka. Walihangaika nao kwa muda, na Dominee akageuka kuwatazama.

Glody alimweleza anachotakiwa kutafuta. Kiatu cha kupandia farasi kiwe chembamba mbele ili kiteleze kutoka kwenye kikuku. Kiwe na kisigino kifupi ili mguu usipite upande wa pili. Soli iwe na mikwaruzo ya kutosha kushika ardhi, lakini isiwe na meno. Kifundo cha mguu kishikwe vizuri. Kuhusu matope alisema hawezi kumchagulia mtu, kwa sababu kila anayefika pale huja na kiatu chake na kuondoka na majuto yake.

Kwa hiyo walikwenda wote watatu, mume, mke na binti, kwenye duka la vifaa vya farasi upande wa kaskazini wa jiji. Lilikuwa duka kubwa lenye harufu ya ngozi na nta, na katikati palikuwa na farasi wa mbao aliyetandikwa, ili wateja wajaribu matandiko. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo mwenye ushungi wa kijani, jina lake Sumaiya. Alimuuliza Paskalia anapanda farasi wa namna gani. Paskalia alisema kwa sasa anapanda mchungaji, na ikabidi Happyness aeleze.

Thabo alikwenda moja kwa moja kwenye buti ndefu nyeusi zinazofika gotini, zinazong'aa kama gari la rais. Alisema hizo ndizo buti za farasi, tangu dunia iumbwe. Happyness alichukua za kahawia zenye manyoya ndani. Sumaiya alileta zote mbili kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuona familia nyingi.

Zile ndefu zilikataa kufungwa. Zipu ilipanda mpaka katikati ya shavu la mguu ikagoma. Thabo alisukuma, Happyness akavuta, Sumaiya akaleta kipande cha sabuni cha kupaka zipu. Paskalia alikaa akiwaangalia watu wazima watatu wakishindana na mguu wake. Hatimaye alisema miguu hiyo imepanda milima ya Uluguru na ndoo ya maji kichwani tangu utotoni, na haitajifinya leo kwa ajili ya kiatu. Zile za manyoya ziliingia vizuri, zikawa laini na za joto. Lakini alizivua, akazigeuza, akaanza kuzikagua kama anavyokagua nguo aliyoletewa kurekebisha. Aliikunja soli. Alipitisha ukucha mahali soli inapokutana na ngozi. Palikuwa na gundi tu, hapakuwa na uzi. Alimtazama Happyness, na wote wawili wakakumbuka soli iliyobaki matopeni.

Hapo aliomba beseni.

Sumaiya alidhani hakusikia vizuri. Paskalia alirudia kwa Kiingereza na kwa mikono. Alisema hawezi kununua koti la mvua bila kulimwagia maji, na hawezi kununua kiatu cha matope bila kukisimamisha majini. Kama kitaharibika, atalipa. Thabo alijifanya anatazama kofia. Sumaiya alifikiri kidogo, kisha akaenda nyuma ya duka na kurudi na beseni la bluu lenye maji.

"Nimeuza viatu tangu nikiwa msichana," alisema, "na nimekuwa nikitamani mtu aniombe hivi."

Wateja waliokuwa dukani walisogea. Paskalia alisimama ndani ya beseni akiwa na jozi moja baada ya nyingine, sketi ameikunja, mikono imeshika tandiko la farasi wa mbao. Jozi ya kwanza iliingiza maji kwenye zipu mara moja, na soksi ikalowa. Nyingine ilikuwa ya kamba, lakini ulimi wa ngozi chini ya kamba ulikuwa umeachwa wazi pembeni, na maji yakapita hapo kama mgeni asiyebisha hodi. Kila maji yalipoingia, Paskalia aliinua mguu na kutangaza, na watu wakacheka. Sumaiya naye aliandika kwenye kila boksi kwa kalamu nene mahali kiatu kinapovuja, akisema kuanzia siku hiyo hatamdanganya mtu.

Mwishowe alileta jozi iliyokuwa rafu ya chini kabisa. Zilikuwa fupi, zinaishia juu kidogo ya kifundo, za ngozi nene ya rangi ya udongo, na hazikuwa na pambo lolote. Happyness alisema zinafanana na viatu vya mlinzi wa benki. Paskalia alizipokea. Soli ilikuwa imeshonwa kuzunguka kiatu kizima kwa uzi mnene uliopakwa nta, mshono sawasawa, usioruka hata mahali pamoja. Ulimi ulikuwa umeunganishwa na ngozi pande zote mbili mpaka juu. Kisigino kilikuwa kifupi, na pua ya kiatu nyembamba. Alisimama kwenye beseni akasubiri. Watu nao wakasubiri. Mzee mmoja wa Kizungu aliyekuja kununua hatamu alitazama saa yake, kisha akaamua kubaki.

Alipovua, soksi ilikuwa kavu. Watu walipiga makofi.

Bado hakumaliza. Zilikuwa ngumu, zilibana vidole, na Sumaiya akamshauri achukue ukubwa unaofuata ili soksi ya sufu ipate nafasi, maana kiatu kinachobana huleta baridi hata kama hakivuji. Paskalia alipanda farasi wa mbao na kuingiza mguu kwenye kikuku, akautoa, akauingiza, akautoa. Ulitoka bila shida. Akasema hizi. Walipokuwa wanaondoka, Thabo alirudi dukani akisema amesahau funguo, akatoka na boksi kubwa chini ya kwapa. Zile ndefu zinazong'aa alikuwa amejinunulia mwenyewe. Walipofika robot ya kwanza, yaani taa za barabarani, Happyness alishindwa kuzuia kicheko.

Buti mpya ngumu hutaka kuvaliwa kabla ya safari. Paskalia alizivaa kazini. Alikanyaga pedali ya cherehani akiwa na gauni la kitenge juu na buti za farasi chini, na wateja walioingia kupimwa nguo za harusi waliangalia miguu yake kabla ya kumsalimu. Alizipaka mafuta ya ngozi kila jioni mpaka nyumba ikanuka kama zizi. Baada ya muda zilianza kukubali. Zilikunjika pale mguu wake ulipokunjika, na siku moja alijikuta ameenda nazo kanisani bila kujua.

Kwenye banda, mambo yalibadilika. Alivuka matope ya lango bila kutazama chini. Alijifunza kukaa sawa, kulegeza magoti, na kushika hatamu kama anavyoshika kitambaa cha hariri, bila kukivuta wala kukiacha. Siku moja Dominee aligoma katikati ya matope, akaamua kwamba hapo panatosha. Glody alitaka kuja kumsaidia, lakini Paskalia aliinua mkono kumzuia. Alishuka mwenyewe, akazama mpaka kwenye kamba za buti, akamshika yule mzee lijamu na kumwongoza huku akimsemesha Kiswahili cha Morogoro. Buti zilinasa, zikanasuka, zikatoka zote mbili na miguu ikiwa ndani. Upande wa pili alikanyaga jiwe akapanda tena, na kwa mara ya kwanza Dominee akakimbia mwendo wa matiti, ule wa mbio fupi za kudundadunda. Paskalia alirushwa juu na chini, kilemba kikamtoka, akazunguka uwanja mzima akicheka kwa sauti. Happyness alisahau kupiga picha.

Mwezi wa saba Paskalia na Thabo walikwenda. Mpwa wa Thabo aliwasubiri dukani na farasi watatu wadogo wa mlimani, wenye miguu imara na macho ya kiburi. Theluji ilikuwa imeanguka wiki iliyotangulia na sasa ilikuwa inayeyuka, kwa hiyo njia yote ilikuwa tope jeusi na mawe yanayoteleza. Mwenye duka, aliyemzoea Paskalia kwa kukaa nyuma ya duka lake miaka yote, alitoka na kiti ili amwekee pale pale juani. Alipomwona anakanyaga kikuku na kupanda, alibaki ameshika kiti mikononi.

Walipanda taratibu. Mahali pengine ilibidi washuke na kuwaongoza farasi kuvuka kijito. Thabo, akiwa na buti zake ndefu, aliruka kwa madaha, akatua kwenye tope, na zipu ya mguu wa kushoto ikafumuka kuanzia juu mpaka chini. Buti ililegea ikafunguka kama ganda la ndizi. Alijaribu kutembea nayo, ikabaki nyuma.

Paskalia alimwambia akae juu ya jiwe. Hasafiri bila sindano, na safari hii alikuwa na sindano ya gunia na uzi wa nailoni. Alipiga magoti kwenye tope, akaishona zipu kuanzia kifundo mpaka gotini, mguu ukiwa ndani.

"Sasa nitaivuaje?" Thabo aliuliza.

"Hilo tutaliuliza tukifika," Paskalia alisema, akakata uzi kwa meno.

Jua lilikuwa bado juu walipoiona nyumba. Ilikuwa ya duara, ya mawe, imepakwa udongo wa rangi ya chungwa, na moshi ulikuwa unapanda wima kwenye hewa tulivu. Watu walikuwa wamekwisha kutoka nje. Wanawake walipiga vigelegele, na watoto wakakimbia kando ya farasi wakiita, "Wifi! Wifi!" Kijiji kizima kilimjua kwa jina hilo. Puseletso alikuwa amelibeba kutoka Troyeville zamani zile, akalitumia kila alipomtaja, na hakuna mtu huko aliyejua kwamba si jina lake la ubatizo.

Puseletso alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti, fimbo mapajani, blanketi begani. Paskalia alimleta farasi mpaka karibu kabisa, akashuka bila kusaidiwa. Mwanamke yule mkubwa alimtazama kuanzia kilemba mpaka chini, akakawia kwenye zile buti fupi nene zilizofunikwa tope, akaligonga tope hilo kwa ncha ya fimbo yake.

"Umechelewa," alisema kwa Kisotho. "Chai imepoa."

Walikumbatiana, mmoja amekaa na mwingine ameinama, wakicheka na kulia kwa wakati mmoja. Thabo alisimama nyuma yao akisubiri zamu yake ya kusalimiwa, kisha akauliza kwa unyenyekevu kama ndani kuna mkasi. Ilipojulikana kwa nini, ua mzima uliangua kicheko. Puseletso mwenyewe ndiye aliyemkata uzi, akiuweka mguu wa mdogo wake juu ya goti lake kama zamani alipokuwa akimtoa miiba.

Paskalia alivua buti zake akaziegemeza ukutani juani. Soksi zilikuwa kavu. Aliingia ndani kwa wifi yake miguu mitupu, akaelekezwa pa kukaa, karibu na moto.